Ukitoka Dar ubebe nini: laini mbili, dishi la setilaiti au kifaa cha meseji?

Basi likitoka stendi ya Magufuli pale Mbezi Louis, 4G inakaa kwenye simu muda mrefu hadi unasahau kwamba mtandao ni kitu cha kupangia. Kibaha ipo, Chalinze ipo, Morogoro ipo. Ukiingia kipande cha Mikumi, ambako barabara ya Iringa inakatiza hifadhini kwa kama kilomita 50, ndipo meseji inaanza kuzunguka bila kutoka. Kwa abiria hiyo ni kero ya muda mfupi. Kwa anayeelekea kambini ndani ya Hifadhi ya Nyerere, au timu ya upimaji inayokwenda kulala siku nane vijijini Liwale, hiyo ndiyo safari yenyewe.

Wengi wanaoulizia intaneti ya setilaiti huanza na kasi na bei. Hayo ni maswali ya nyumbani. Safarini mambo manne ndiyo yanayoamua, na kila njia hapa chini imepimwa kwa hayo hayo.

Vipimo vinne

Giza: ni saa ngapi za safari yako zitapita pasipo mnara? Hesabu saa, usihesabu kilomita. Kilomita 40 za lami ni nusu saa. Kilomita 40 za tope la masika zinaweza kula mchana mzima.

Kazi: ndani ya giza hilo unataka kufanya nini? Kumwambia mtu "tumefika salama", kuongea kwa sauti, au kutuma mafaili na kuingia kikao cha video? Hizi ni kazi tatu tofauti, na vifaa vyake ni vitatu tofauti.

Umeme: utatoka wapi, na kwa saa ngapi kwa siku?

Sheria na malipo: kifaa kinaruhusiwa unakokwenda, na utalipa hata mwezi ambao hukusafiri?

Kasi imeachwa nje kwa makusudi. Mahali ambapo hapakuwa na kitu kabisa, Mbps 5 na Mbps 100 zinatuma meseji ile ile.

Laini mbili za mitandao tofauti

Giza. Barabara kuu, makao makuu ya wilaya na vijiji vingi vina minara. Tatizo ni kwamba mtandao unaoshika kijiji hiki siyo unaoshika kijiji cha pili. Halotel ilipoanza mwaka 2015 ilijenga sana vijijini, na hadi leo kuna mahali watu wanaitegemea hiyo peke yake. Kwingine ni Vodacom, kwingine Airtel, kwingine Yas, ambayo hadi 2024 ilikuwa Tigo. Ramani za kampuni hupaka rangi maeneo mapana mno. Njia ya uhakika ni kumpigia mwenyeji na kumuuliza: "Mzee, hapo nyumbani kwako ni laini gani inashika, na ni ndani ya nyumba au mpaka utoke nje?" Nusu ya pili ya swali ndiyo muhimu. Akikujibu "kuna kichuguu pale watu wanakwenda kupigia simu", umeshapata ramani yako.

Jambo moja wasafiri hawalijui: laini mbili zinaweza kufa pamoja. Minara mingi nchini inamilikiwa na kampuni za minara kama Helios Towers, na mitandao kadhaa hupanga kwenye mnara mmoja. Umeme wa mnara ukikata na betri zake zikaisha, mitandao yote iliyopanga pale inaweza kuondoka kwa mpigo. Kwa hiyo laini mbili ni kinga dhidi ya mtandao dhaifu, lakini dhidi ya mnara uliozima ni kinga ya nusu.

Kazi. Zote tatu, mahali penye 4G. Pembezoni, simu hung'ang'ania 4G dhaifu isiyopitisha kitu, wakati 3G ya pale pale ingefanya kazi. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, chagua 3G kwa mkono, jaribu tena. SMS ya kawaida hupita mahali ambapo data imeshindwa, kwa hiyo kubaliana mapema na walioko nyumbani kwamba kimya cha WhatsApp hakina maana yoyote. Bando nunua kabla ya kuingia pembezoni, maana menyu ya kununulia nayo inahitaji mtandao na hukatika katikati. Na pakua ramani ya eneo zima ukiwa bado Dar.

Umeme. Mwepesi. Simu inayogawa intaneti huisha chaji haraka na kupata moto. Kirauta cha mfukoni, kile watu wanachokiita MiFi, hukaa saa tano hadi nane na hujazwa na pawabenki yoyote.

Sheria na malipo. Laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, mgeni kwa pasipoti. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Tatizo la usajili limalize mjini. Unalipia ulichotumia, na usiposafiri hudaiwi.

Inamfaa nani. Abiria wa basi, wa SGR ya Dodoma, wa boti ya Zanzibar, na yeyote ambaye giza lake halizidi saa chache. Inamwangusha anayelala siku kadhaa pasipo mnara.

Dishi dogo la setilaiti

Hapa tunazungumzia madishi bapa yanayoongea na setilaiti za obiti ya chini, na linalojulikana zaidi ni la Starlink. Setilaiti hizo ziko kama kilomita 550 juu, ndiyo maana kikao cha video kinawezekana: ucheleweshaji ni kama milisekunde 25 hadi 60. Mfumo wa zamani wa VSAT, wenye setilaiti zilizotulia kilomita 35,786 juu, unachelewesha kwa zaidi ya milisekunde 600 na dishi lake huelekezwa na fundi likabaki pale pale. Ni mzuri kwa benki ya wilayani. Msafiri auache.

Dishi la kawaida lina uzito wa kilo 2.9, upana wa sentimita 59 kwa 38, rauta yake pembeni, na linakula wati 75 hadi 100. Lile dogo, Mini, lina kilo 1.1, sentimita 30 kwa 26, rauta imo ndani, na linakula wati 25 hadi 40. Kwa safari ni hilo dogo. La kawaida libebe tu kama una kambi ya watu wengi na jenereta.

Giza. Dishi halijali mnara, linajali anga. Linahitaji kuona uwanja mpana wa anga, kama nyuzi 110, na aplikesheni yake hutumia kamera ya simu kupima vizuizi kabla hujaliweka. Chini ya mwembe utakosa kabisa, na hapo angalau utajua. Msumbufu zaidi ni mnazi: makuti yanapepea, setilaiti inapita nyuma yake, unapata dakika mbili nzuri halafu sekunde kumi za kimya, na hizo sekunde kumi ndizo zinazokutoa kwenye kikao. Mita kumi pembeni kuelekea uwazi huponya. Wingu zito la masika hupunguza mawimbi na linaweza kukata kwa dakika kadhaa. Mvua nyepesi haina neno.

Kazi. Zote tatu, hata kikao cha video. Ila hapa kuna mtego unaomaliza mabando ya watu. Simu na kompyuta zikiona Wi-Fi huamini ziko nyumbani: zinaanza kupakia picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, kusasisha programu, kushusha masasisho ya Windows. Watu wanne wakilala na simu zao zimeungwa, kifurushi chenye kikomo kinaweza kuonekana nusu asubuhi. Kwenye kila kifaa, fungua mipangilio ya Wi-Fi hiyo na uitie alama ya mtandao wenye kipimo ("metered"), kisha zima upakiaji wa picha. Saa moja ya kikao cha video hula kati ya MB 500 na GB 1.5 kutegemea ubora. Zima kamera yako, baki na sauti, na hesabu inashuka sana.

Umeme. Huku ndiko madishi yanakofia, wakati kila mtu anaangalia juu angani. Hebu tulione kwa karibu.

Gari limeegeshwa kambini, dishi liko juu ya boneti, waya wa mita tano umetoka kwenye soketi ya kiberiti ya gari. Injini ikiwaka, intaneti iko vizuri. Dereva anazima injini, na baada ya dakika chache dishi linazima, linawaka, linatafuta setilaiti, linazima tena. Mtu anahamisha dishi. Mwingine analaumu mawingu. Shida iko kwenye waya. Mini inataka volti 12 hadi 48. Injini ikiwaka, alteneta inatoa kama volti 14, basi hata ikipotea moja njiani zinabaki za kutosha. Injini ikizimwa, betri ina 12.3. Waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba, urefu mita tano, dishi likivuta ampea 5 wakati wa kuwaka, unameza zaidi ya volti moja. Kwenye dishi zinafika kama 11.1, na linakufa.

Ili kuthibitisha, chukua mita ya fundi umeme upime volti upande wa dishi, dishi likiwa limewashwa. Ukipima bila mzigo utasoma 12.3 na utadanganyika. Waya mnene wa milimita 2.5 unapunguza upotevu hadi kama volti 0.35, lakini betri ikichoka kidogo umerudi pale pale. Dawa ni kipandisha volti cha 12 kwenda 24 chenye uwezo wa wati 100 au zaidi, kifungwe karibu na betri, na fyuzi ya ampea 10 kwenye waya chanya, jirani na betri yenyewe. Pima chanya na hasi kwenye plagi kabla ya kuchomeka. Fahamu pia kwamba kinga ya maji ya Mini inategemea plagi yake halisi. Plagi ya kuungaunga inaacha upenyo, na mvua ya usiku mmoja inatosha.

Pawabenki nayo ina hesabu yake. Namba ya 20,000 mAh huandikwa kwa volti 3.7, yaani wati-saa 74. Toa upotevu, unabaki na kama 63, sawa na saa mbili za Mini. Na lazima itoe wati 100 kwa USB-C; nyingi zinazouzwa Kariakoo zinatoa wati 22.5, ambazo zinajaza simu vizuri sana na haziwezi kuwasha dishi hata kwa dawa. Soma maandishi madogo ya mgongoni, siyo yale makubwa ya kwenye boksi. Ukisafiri kwa ndege, mpaka ni wati-saa 100 kwa pawabenki bila kuomba ruhusa, na inakwenda kwenye begi la mkononi.

Betri ya gari ya N70 kwa karatasi ina wati-saa 840. Usitumie zaidi ya nusu, na hata hiyo nusu isiwe kila usiku, kwa sababu betri ya kuwashia injini haikutengenezwa kushushwa hivyo. Asubuhi moja gari litagoma kuwaka mahali ambapo hakuna wa kukusukuma. Kwa safari za mara kwa mara, betri ya pembeni ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 50 inabeba dishi usiku kucha, na paneli ya wati 100 kwenye jua zuri la saa tano hurudisha kama saa 12 za matumizi. Inveta iache: inapandisha hadi 230 kisha unashusha tena, na kila hatua inakula.

Joto pia. Dishi lililolazwa moja kwa moja kwenye bati la gari saa nane mchana hupata moto kutoka juu na chini na linaweza kujizima. Liinue sentimita chache hewa ipite.

Sheria na malipo. Hapa usifanye kwa kusikia. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, mtoa huduma anahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na kifaa cha mawasiliano kinahitaji idhini ya aina yake. Kabla ya kununua, uliza TCRA, makao yao yapo Mawasiliano Towers barabara ya Sam Nujoma, maswali mawili: kampuni hii ina leseni ya huduma hii? Modeli hii ya dishi imeidhinishwa? Dishi lililosajiliwa nchi nyingine halihalalishwi na kule kuvuka nalo mpaka, hata kama linashika mawimbi. Kwa majirani, Starlink ilifungua huduma Rwanda Februari 2023, Msumbiji Juni, Kenya na Malawi Julai, na Zambia Oktoba mwaka huo huo, kwa hiyo anayevuka Namanga, Kasumulu au Tunduma anaweza kulitumia upande wa pili. Likiwa kwenye gari, litaje forodhani, na beba risiti.

Malipo ni ya kifaa kwanza, kisha ya mwezi kwa kadi ya benki au kadi pepe ya simu. Soma masharti ya kusitisha mwezi ambao husafiri, na hili pia: kukaa nje ya nchi ya akaunti kwa zaidi ya miezi miwili huweza kukulazimu uhamishe akaunti.

Inamfaa nani. Timu yenye gari na kazi ya kutuma kila siku, mwenye kambi, mtu ambaye mwajiri wake anamtaka kwenye kikao hata akiwa porini. Halimfai anayetembea kwa miguu, wala anayesafiri mara mbili kwa mwaka.

Kifaa cha meseji cha setilaiti

Garmin inReach Mini 2 ni mfano mzuri: gramu 100, kinaning'inizwa kwenye begi.

Giza. Kinatumia setilaiti 66 za Iridium zinazofunika dunia nzima, bahari na msitu vikiwemo. Chini ya miti minene meseji inaweza kuchukua dakika kadhaa badala ya moja. Kiweke juu ya begi, uso ukiangalia anga, na usikifiche mfukoni.

Kazi. Meseji fupi za herufi 160, mahali ulipo, na kitufe cha dharura kinachofika kituo kinachokaa macho saa 24. Hakuna picha, hakuna sauti. Wanaokitumia vizuri huandika meseji tatu za kudumu kabla ya kuondoka, mfano "Tumepiga kambi, wote wazima", kwa sababu kuandika kwa vitufe vyake ni mateso. Wajulishe ndugu kwamba meseji itatoka kwenye namba wasiyoijua; wengi hudhani ni matapeli wa "tuma kwenye namba hii".

Umeme. Siku kadhaa hadi wiki kadhaa kwa chaji moja, kutegemea unatuma mahali ulipo kila baada ya dakika ngapi.

Sheria na malipo. Usajili wa kulipia ni lazima. Bila huo hata kitufe cha dharura hakifanyi kazi. Nacho ni kifaa cha mawasiliano, kwa hiyo swali la idhini TCRA linakihusu. Fungua akaunti ukiwa Dar, tuma meseji ya majaribio ukiwa barazani.

Inamfaa nani. Wapanda Udzungwa, wavuvi na waendesha jahazi, madereva wa njia zisizopitwa. Anayehitaji intaneti atakichukia.

Simu ya setilaiti na ile ahadi ya simu mpya

Simu ya Iridium au Thuraya inafanya jambo moja: sauti, nje, antena ikiwa imesimama. Dakika ni ghali, data yake ni ya kubahatisha. Inabaki na maana kwa nahodha au kiongozi wa msafara anayelazimika kuongea na daktari, kwa sababu meseji ya herufi 160 haielezi jeraha. Masharti ya idhini ni yale yale.

Kuhusu iPhone 14 na kuendelea zenye huduma ya dharura kwa setilaiti: Apple imeifungua kwa nchi chache, za Amerika Kaskazini na Ulaya, pamoja na Australia, New Zealand na Japani. Tanzania haimo. Usiingie porini ukiitegemea.

Kwa hali yako

Basi la Mbeya au treni ya Dodoma: laini mbili, pawabenki, ramani iliyopakuliwa. Basi.

Likizo ya siku tatu kwenye loji: piga simu uulize wana intaneti ya aina gani, inafika chumbani au mapokezi tu, na jenereta inazimwa saa ngapi. Mara nyingi jibu hilo linakuokolea pesa ya dishi.

Gari la watalii linaloingia Ruaha au Nyerere: laini mbili kwa njiani, kifaa cha meseji kwa dharura. Dishi ni la wageni wakilitaka na likiwa limeruhusiwa. Lisichukue nafasi ya kile cha dharura, kwa sababu gari likipinduka dishi ndilo la kwanza kuvunjika.

Timu ya utafiti ya wiki mbili: dishi dogo, betri ya pembeni, paneli, kipandisha volti, na mtu mmoja mwenye zamu ya kuliwasha kwa muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa mbili jioni. Anayeliacha wazi mchana kutwa anaweza kukosa umeme.

Dereva wa lori la Lusaka: laini ya nyumbani hadi Tunduma, laini ya Zambia kuanzia Nakonde.

TAZARA hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860: laini mbili, vitabu, na meseji moja kwa walioko nyumbani kabla ya treni kuondoka: "Nikinyamaza msihangaike."